Kilicholika na Kilichochoka

Mpita njia asimamapo kando ya jengo linalopanda, Upanga au Kariakoo, siku ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa, aghalabu macho yake huvutwa juu, kuutazama mkono wa pampu uliokunjuka hewani kwa vipande vinne au vitano, ukayapita mapaa ya jirani na kupeleka zege mahali ambapo zamani vibarua walilipandisha kwa karai begani, ngazi baada ya ngazi, tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Wachache huzunguka nyuma ya gari, penye hopa, kelele na tope la saruji, wakakitazama kile kinachoiwezesha kazi yote ile. Na wachache zaidi hujiuliza ni nani auwekaye mtambo ule katika siha yake baada ya kula kokoto mwaka hata mwaka. Maneno haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo, fundi wa pampu za zege, na hasa kwa ajili ya fungu moja la maarifa yake ambalo wenye mali hulidhania kuwa ni hesabu ya fedha tu: kujua kipuri kipi kilichochakaa kirudi kazini, na kipi kitupwe, kinunuliwe kingine.

Mtambo wenyewe si wa kale. Wahandisi wa Ujerumani na Uholanzi ndio waliofaulu kulisukuma zege bichi ndani ya bomba kati ya mwaka 1927 na 1932, na ilipofika miaka ya 1950, miji ya Ulaya ilipokuwa ikijengwa upya baada ya vita, ikatokea aina ya silinda mbili ziendeshwazo kwa mafuta yenye shinikizo, ambayo ndiyo asili ya karibu kila pampu ionekanayo leo kati ya Tanga na Mtwara. Silinda moja hurudi nyuma ikavuta zege kutoka katika hopa, ya pili wakati huohuo husonga mbele ikalisukuma lake, na baina ya hopa na njia ya kutokea limo bomba lililopindwa kwa umbo la herufi S, ambalo kila mwendo unapokwisha huruka kutoka tundu la silinda hii hadi tundu la silinda ile, upesi kuliko mtu kutamka jina lake, likarejea, likaruka tena, mara 20 na zaidi katika dakika moja kazi inapokuwa ya haraka. Mdomo wa bomba hilo umevishwa ringi ya chuma kigumu, na ringi hiyo husuguana na bamba lenye matundu mawili, ambalo nitaliita miwani kwa sababu ya sura yake. Baina ya ringi na miwani hapana grisi ya kutosha kuokoa chochote; upo mchanga, ipo saruji, zipo kokoto, na kila ringi irukapo hulikata zege lililo njiani mwake. Basi hakuna haja ya kuuliza kama mtambo huu utalika. Umeundwa ujile, na aliyeuunda, kwa tadbiri njema, akauchagulia mahali pa kujila: ringi, miwani, raba ya pistoni, mabomba, vyote akavifanya vitu vya kufunguliwa kwa spana na kubadilishwa, ili vife hivyo, mwili ubaki.

Fundi mzuri hauanzi uchunguzi wake penye kelele. Kati ya silinda za zege na silinda za mafuta kuna sanduku la maji, ambamo fimbo za pistoni hupita zikioshwa na kupozwa, na humo ndimo habari za mtambo zinamoandikwa. Baada ya kuizima injini na kulitoa shinikizo lililosalia katika chupa ya akiba (maana chupa hiyo huhifadhi nguvu ya kulirusha bomba la S hata injini ikiwa imelala, na si vidole vichache vilivyokatwa hopani na mashine iliyodhaniwa kuwa imezimika), huchovya mkono ndani ya maji yale, akayasugua baina ya kidole gumba na cha shahada. Yakiwa ya kijivu lakini laini, hana neno. Yakikwaruza, mchanga umepenya kando ya pistoni, na sasa yampasa kumjua mwenye taksiri: ni raba ya pistoni, ambayo ni ya kutupwa na wala hailiwi matanga, au ni ngozi ya kromu iliyo ndani ya silinda, ambayo gharama yake humkosesha mwenye mali usingizi. Huingiza taa, kisha ukucha. Penye kromu nzima ukucha huteleza bila kukwama. Ilipokwisha, huonekana mfereji mwembamba mweusi unaokwenda sambamba na mwendo wa pistoni, na ukucha hunasa humo. Tabaka lenyewe ni jembamba, robo ya milimita hivi, na raba mpya ikitiwa juu ya mfereji ule italiwa katika siku chache, na atakayelaumiwa ni aliyeiuza. Ipo mitambo inayoruhusu silinda igeuzwe, mwisho wa upande wa hopa ukawa mwisho wa upande wa maji, kwa kuwa ule wa hopa ndio ulikao zaidi. Fundi alijuaye hilo humpa mwenye mali umri wa pili wa silinda kwa gharama ya siku moja ya jasho, na asiyelijua humwandikia hati ya kuagiza silinda mbili kutoka ng'ambo.

Kitabu cha mtengenezaji hueleza kila kipuri kidumu kwa kazi kiasi gani, na kitabu hicho hakisemi uongo, ila kimeandikwa kwa mawe ya nchi nyingine. Zege lenye kokoto za Lugoba, ngumu, zilizopasuliwa zikabaki na kingo kali, na zege lenye kokoto za matumbawe zichimbwazo pwani, hayaumi kwa jino moja. Kokoto ya mtoni iliyoviringwa na maji karne nyingi hupita bombani kwa upole. Ile ya kupasuliwa hukwangua. Mchanga nao una tabia zake, na uliojaa chembe za jiwe jeupe la kioo hula chuma kuliko kokoto yenyewe. Ndiyo maana mafundi wawili, mmoja aliyefanya kazi Arusha, palipo na mawe ya volkano, na mwingine aliyekaa miaka yake yote Dar es Salaam, wanaweza kubishana juu ya umri wa ringi moja ya namna moja hadi chai ikapoa, na wote wawili wakawa wasema kweli.

Sasa twende Gerezani. Pembezoni mwa Kariakoo, mahali ambapo mtu aweza kukerezewa bushi asubuhi akaivaa mashine yake adhuhuri, ndipo swali la kipuri kikuukuu na kipuri kipya linapoulizwa kila siku, na kila siku likajibiwa na wenye maslahi. Muuza vipya husema kikuukuu ni hatari. Muuza vya mtumba, vilivyotolewa katika mitambo iliyokatwa ng'ambo vikapitia Sharjah au Dubai, husema kipya cha siku hizi si chuma bali ni rangi. Kila mmoja ana nusu ya haki, na mnunuzi asiye na fundi wa kumwamini hununua nusu ile aliyoisikia mwisho. Kuna hata ghururi ya asili: huyu hataki ila cha Mjerumani, yule hucheka akasema cha Mchina ndicho kilicho rahisi, ilhali tangu mwaka 2012, kampuni ya pampu ya Sany ya Uchina ilipoinunua kampuni ya Putzmeister ya Ujerumani, nasaba hiyo imechanganyika kiasi cha kumtahayarisha mwenye kujivunia ukoo wa kipuri. Fundi hana haja na nasaba. Huichukua ringi dukani, akaiinua kwanza kupima uzito wake mkononi, kisha akatoa tupa mfukoni na kuipitisha pembeni mwa uso wake wa kazi. Uso wa kabaidi ya tangisteni huikataa tupa. Meno huteleza, na kinachobaki ni alama ya tupa kujisugua yenyewe. Uso wa chuma cha kawaida kilichopakwa sifa huacha unga unaong'aa. Muuzaji mwenye bidhaa njema hakasiriki kuona jambo hilo likifanywa, na mwenye bidhaa mbovu hukumbuka ghafla kwamba duka linafungwa mapema leo.

Nimetaja kipya kwanza ili nisije nikadhaniwa ni mtetezi wa makachara. Lakini sifa kubwa ya kazi hii, kwa rai yangu, imo katika kukirudisha kikuukuu. Ringi hailiki sawasawa. Njia ya bomba la S ni ya kwenda kushoto na kulia, na kwa hiyo pande mbili za ringi huumia kabla ya nyingine, ikabaki nusu nzima na nusu mbovu; mwenye haraka huona ubovu akaitupa yote, lakini fundi huifungua, akaizungusha robo ya duara, akairudisha, na upande uliokuwa umepumzika ukaanza zamu. Nati iliyo nyuma ya bomba la S hukazwa kidogo, ringi ikasogea mbele ikaikumbatia miwani, na nafasi iliyokuwa imefunguka baina yao ikafungwa. Nafasi hiyo, hata iwe nyembamba kama unene wa kadi, si jambo dogo: humo hutoroka maji na uji wa saruji, vikabaki ndani ya bomba mchanga na kokoto zisizo na kitu cha kuzitelezesha, na zege lililokauka namna hiyo huziba. Pampu ikiziba katikati ya sakafu, magari ya kuchanganyia yamepanga foleni barabarani, kila moja lina mita za ujazo 6 au zaidi tumboni, na joto la Dar es Salaam halimsubiri mtu. Bei ya ringi hapo ni upuuzi. Kinachopotea ni sakafu.

Bomba la S lenyewe ni shani nyingine. Hulika kwa ndani penye kizingo, mahali ambapo zege hulazimika kubadili nia yake, na chuma hupungua hadi mtu akiugonga ukuta wake husikia sauti nyembamba ya debe. Wengi hapo huliaga. Fundi stadi wa kuchomelea hulipokea. Kwanza hulisafisha hadi chuma kitupu kionekane, kwa kuwa saruji iliyojificha hutoa mapovu katika moto. Hulipasha joto polepole, ili lisipasuke kwa kushtushwa. Hujaza shimo kwa fito za chuma laini chenye kuvumilia, na juu yake tu ndipo hulaza mistari ya chuma kigumu, tabaka mbili, tatu kwa wingi, bila kuzidi, maana ugumu ukirundikwa humeguka kwa vipande. Tabaka hilo likipoa hutoa nyufa ndogondogo za kukingama, na kijana aliye mwanagenzi hushtuka akidhani kazi imeharibika. Haijaharibika. Chuma kile kigumu hujipasua kupata nafasi ya kupumua, na nyufa zake huishia pale kilipokutana na chuma laini kilicho chini yake. Bomba lililofufuliwa hivyo na mkono uujuao moto hurudi kazini likafanya kazi ya kumridhisha mwenye nalo, na nafuu yake si fedha peke yake: meli iletayo jipya huchukua wiki, na mkandarasi aliyewekeana ahadi na benki hana wiki.

Hili pwani yetu ilikuwa ikilijua kabla pampu hazijaumbwa. Mafundi wa majahazi, Zanzibar na Lamu, huubandua ubao ulioliwa na wadudu wa baharini wakatia mwingine, wakaziba kwa kalafati ya pamba na mafuta, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu, na jahazi likaingia majini likiwa na mbao za umri mbalimbali kila moja na historia yake. Wala nahodha haoni aibu kusafiri nalo. Ila fundi huyohuyo asiyeona haya kulitia jahazi kiraka, akiuona mkuku umekatika huweka chini tezo yake akasema basi. Hana mizani wala kitabu. Ana yakini tu kwamba vipo viungo vya kuungwa na vipo visivyoungwa, na kazi yake yote imesimama juu ya kutovichanganya.

Kwa pampu ya zege, mpaka huo unapita wapi? Nimewasikiliza wazee wa kazi hii, na nikiyakusanya maneno yao naona wanatenga aina mbili za kufa kwa chuma. Kuna chuma kilicholika, na kuna chuma kilichochoka. Kilicholika kimepungua, na kupungua kwake huonekana, hupimika, na kilichopungua huweza kurudishiwa. Kilichochoka hakikupungua hata gramu moja. Ukikipima kwa kipimo cha mkono kitakuambia ni kipya; ukikipaka rangi kitapendeza kuliko kipya. Lakini kimekunjwa na kukunjuliwa mara elfu kwa elfu, na ndani yake, penye kiungio cha kuchomelea au kando ya tundu la pini, umezaliwa ufa ambao kila pigo la pistoni huusogeza mbele kwa kiasi kisichoonekana. Mkono wa pampu unaotikisika kwa kila msukumo wa zege ni shamba la nyufa za namna hiyo, na kitu cha namna hiyo hakirudishiwi kwa fito na kijana mwenye miwani nyeusi, kwa kuwa chuma cha mkono ni cha nguvu maalumu, na moto uliopigwa bila ujuzi huiondoa nguvu ileile iliyokifanya kiwe chembamba na chepesi.

Namna ya kuutafuta ufa huo ni ya kupendeza kuitazama. Wenye uwezo hutumia dawa nyekundu ya kupuliza na unga mweupe wa kuifuatia. Wasio nayo hutumia mafuta ya taa na chaki. Fundi hupangusa mahali panaposhukiwa hadi pawe pakavu na safi, akapaka mafuta ya taa, akaenda kunywa maji, akarudi akayafuta hadi chuma kionekane kimekauka kabisa. Kisha husaga chaki na kupaka unga wake juu. Kama chuma ni kizima, unga hubaki mweupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yake hupanda taratibu, na katika ule weupe hujichora mstari mmoja mwembamba, wenye unyevu, ulionyooka kuliko mkono wowote uwezavyo kuchora. Hapo hakuna rai tena, wala bei, wala bishano la Mjerumani na Mchina.

Fauka ya kulika na kuchoka, kuna jambo la pili ambalo vitabu hulisema kwa mkato na mafundi hulisema kwa sauti ya chini: ni nani asimamaye chini ya kipuri hicho. Ringi ikifa, inafia hopani. Hasara ni ya fedha. Bomba la mkono likifa, linafia juu ya vichwa vya watu. Bomba hilo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 125 na ukuta wa milimita 4 au zaidi kidogo. Kila mita yake ijaapo hubeba takriban kilo 29 za zege, na shinikizo likifika bari 80, kama liwezavyo kufika njia inapoziba, nguvu inayousukuma kila mdomo wa kona utoke mahali pake ni ya uzito wa tani 10 hivi. Ukuta wa milimita 4 ukilika ukabaki 1, chuma kilichosalia kinabeba mzigo mara nne ya ule kilioagizwa kubeba. Nalo bomba halitoi ishara. Kokoto huzama chini kwa uzito wake, zikala sakafu ya bomba lililolala. Penye kona hula mgongo wa nje. Na kwa nje rangi ni ileile, kibandiko cha kampuni ni kilekile.

Hapa ndipo ninapowaona wenye mali wengi, wala si watu wabaya, wakifanya kinyume cha busara kwa moyo mweupe. Ringi iliyolika hulalamika: zege huvuja, pampu hupoteza nguvu, dereva hupiga simu, na kwa hiyo hununuliwa mpya, ya ghali, upesi, hata pale ambapo kuizungusha kungetosha. Bomba lililolika hunyamaza na kufanya kazi yake kwa ukamilifu, jana kama juzi na leo kama jana, na kwa hiyo huachwa, au likitoboka tundu la sindano hutiwa kiraka cha bati nene na kurudishwa juu. Fedha hufuata kelele. Nimesikia mazungumzo ya namna hii, na bila shaka yanarudiwa katika kila yadi:

"Fundi, kona hii si bado inafanya kazi?"

"Inafanya, bosi. Ila haitatuaga."

Laiti ingewezekana kuibadili desturi hiyo, hopani wangekuwa wabahili na juu wangekuwa wakarimu. Bomba lililonyooka lina haki ya kuzungushwa theluthi ya duara kila baada ya kazi nyingi, ili ulikaji ugawanywe pande zote, na huo ni uchumi halali ulio bora; lina haki ya kupimwa ukuta wake kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, au walau kugongwa kwa nyundo ndogo, sikio lenye tajriba likisikiliza, bomba likiwa tupu na limepoa, kamwe si likiwa limejaa. Halina haki ya kiraka. Na yale ya kuta mbili, ambayo ukuta wa ndani umefanywa mgumu kwa makusudi, yakiguswa na moto hupasuka kwa ndani, mahali ambapo jicho la mwenye kuchomelea halifiki.

Vitu vingine havihitaji insha. Sili na oringi ni mpya daima, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu kuzirudisha ni uvivu uliovaa kilemba cha uchumi. Bolti zilizokwisha kuvutwa hadi kiwango chake hazivutwi mara ya pili. Mipira ya mafuta huzeeka kutokea ndani, na atakayeiamini kwa sura yake ya nje ataoshwa mafuta ya moto.

Lakini yuko pia mtu wa upande wa pili, naye sitamwacha bila neno: tajiri anunuaye vyote vipya na kwa hilo akajiona ameepukana na fundi. Hujidanganya. Ringi mpya ikiwekwa juu ya miwani ya zamani yenye mifereji hailali sawa. Hukaa juu ya vilima viwili au vitatu, ikapigwa huko, kabaidi yake ikameguka, na ndani ya muda mfupi mpya ni mbovu kuliko ile ya zamani iliyotolewa, iliyokuwa imekwisha kuzoeana na mwenzake kwa kusuguana. Aliyetaka kuokoa angeisawazisha miwani kwanza, au angevibadili vyote viwili, au angeviacha vyote viwili viendelee na ndoa yao kwa kukaza nati. Pini mpya ndani ya bushi iliyopanuka haitibu kitu. Bushi aweza kuikereza mkereza wa Gerezani kwa shaba nyeusi nzuri, ikatumika kwa heshima. Pini ya mkono hawezi, si kwa kukosa ustadi bali kwa kutojua chuma alichonacho kilitoka wapi, na mkereza mwadilifu hulisema hilo kabla hajaulizwa. Upya, basi, si dawa inayojinywea yenyewe. Zege lililopandishwa mita 606 katika mnara wa Burj Khalifa, Dubai, lilipandishwa na mitambo mipya iliyoandaliwa kwa ajili ya kazi ile, lakini mitambo hiyo nayo ililika kila siku kama nyingine, na lazima walikuwako wenye spana.

Limesalia la ujira, nalo ndilo lipimalo insafu ya fundi kuliko maarifa yake. Akisema "tufufue", atalipwa: kazi ya kuchomelea, kazi ya kufungua, kazi ya kufunga, huenda siku tatu. Akisema "tupa, nunua", fedha yote yaenda dukani, na yeye hupata ujira wa kufunga bolti nne. Kwa hiyo kila mara anapokataa kukifufua kisichofufuka, anaukata mkate wake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mtu ambaye aghalabu humshuku kuwa amepewa asilimia na muuza duka. (Wapo waliopewa, hilo nalo silifichi, na hao ndio waliowaharibia wengine jina.) Niliyemwona akilitatua jambo hili kwa namna ya kunipendeza ni mzee mmoja mwenye yadi yake nje ya mji, ambaye kona ya bomba akishaihukumu haiweki kando. Huwasha gesi, akaikata vipande viwili palepale, mbele ya mwenyewe, kwa kuwa anajua kwamba kona mbovu iliyoachwa nzima nyuma ya yadi, siku ya haraka na usiku wa mvua, itachukuliwa na mtu ikarudishwa juu. Mwenye mali hupiga kelele kwamba angalau angeiuza. Mzee humwambia aiuze tu: mnunuzi wa chuma chakavu hupima kwa kilo, na vipande viwili vina uzito uleule.